Kuiba kwa Jicho: Namna ya Kujifunza kwa Watu Wakubwa

Katika karakana ya seremala, kijana anayeanza kazi hapewi somo. Anapewa ufagio. Anafagia maranda, anashika upande wa pili wa ubao, anatumwa chai, na muda wote huo anatazama. Anaona fundi anavyopiga randa kufuata nyuzi za mti, anavyogusa ubao kwa kiganja kisha akaurudisha ukutani bila kusema kitu, kwa kuwa ameusikia bado una maji. Ukimuuliza fundi siri ya kazi yake atakutajia neno lolote litakalomjia: subira, bidii, Mungu. Kijana mwenye akili hangoji jibu hilo. Anaiba kwa jicho, na baada ya miaka miwili anatengeneza kabati.

Sisi tunaopenda kujifunza kwa watu wakubwa tumeiacha mikono yao tukashika midomo. Alfajiri simu inalia: picha ya mzee mwenye mvi, nyuma yake jua linachomoza, chini maneno ya hekima. Unayasoma, unayapeleka kwenye kundi la ukoo, shangazi anajibu kwa viganja viwili vya dua, halafu unapanda daladala ukiwa mtu yule yule wa jana. Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa bingwa wake. Nilikuwa na daftari la kurasa 200 lililojaa misemo, nimeipanga kwa rangi za wino. Nililipa hata kiingilio cha semina ya siku nzima hotelini, tukapigishwa makofi na kuambiwa kila mmoja ajitazame kwenye kioo aseme yeye ni simba. Nilirudi na fulana. Biashara yangu ya kuchapa kadi za harusi ilifungwa miezi minne baadaye, na katika kurasa zote 200 sikupata hata moja iliyonieleza nifanye nini na mteja asiyelipa.

Daftari lile nililifungia sabuni. Ninaloliweka sasa lina kurasa chache na misemo haimo. Ninakueleza ninavyolitumia.

Acha misemo ipite

Anza na kazi ndogo ya usafi. Msemo ukikufikia bila kutajwa umetoka kitabu gani au hotuba ya mwaka gani, uache upite, hata ukiwa mtamu. Kuna maneno mashuhuri kwamba binadamu huogopa nuru yake kuliko giza lake, nayo kwa miaka yamesambazwa kama sehemu ya hotuba ya Nelson Mandela alipoapishwa kuwa Rais mwaka 1994. Mandela hakuyasema siku ile. Ni ya Marianne Williamson, mwandishi wa Marekani, yamo katika kitabu chake cha mwaka 1992. Aliyembandika Mandela maneno hayo alidhani anamheshimu, kumbe amemfunika.

Maana aliyoyafanya Mandela gerezani yana manufaa zaidi. Alijifunza Kiafrikana, lugha ya askari waliomlinda na serikali iliyomfunga, akasoma na historia yao, ili siku ya mazungumzo ikifika ajue anazungumza na nani. Alipohamishiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1982 alipata mapipa ya mafuta yaliyokatwa katikati, yakajazwa udongo, akalima mboga juu ya paa. Nyingine zikaenda jikoni, nyingine akawapa askari. Mtu aliyekwama chini ya bosi mgumu, au nyumbani kwa wakwe, ana cha kuiba hapo: lugha ya anayekukalia, historia yake, na kazi ya mikono ya kupitishia muda wa kungoja.

Mmoja tu, na kwa shida uliyonayo

Usichukue watu kumi kwa mpigo. Chukua mmoja, na usimchague kwa ukubwa wa jina. Mchague kwa shida yako. Huna mtaji? Umeachishwa kazi? Umepewa uongozi wa watu wasiokuamini? Iandike shida hiyo kwa sentensi moja juu ya ukurasa, halafu uulize ni nani aliipitia kabla hajawa jina la barabara.

Neno la kushika hapo ni “kabla”. Wengi wetu tukifungua kitabu cha maisha ya mtu tunaruka mpaka sura ya ushindi, ilhali ufundi uko katika sura za mwanzo, zile zenye vumbi. Mtazame Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, na kabla ya kujulikana alikuwa muuza vyungu, anatembea na mzigo kichwani akivinadi kwa sauti. Sauti ile ilizoezwa barabarani miaka mingi kabla ya kupelekwa kwenye baraza la mtu yeyote. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima, akapata mwalimu wa kumfundisha kuimba kwa kufuata udi, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Piga hesabu: alikuwa anakaribia miaka 50. Kijana wa miaka 27 anayelalamika kwamba amechelewa aipige hesabu hiyo mara mbili.

Basi jiulize kazi yako ya sasa, hata kama unaionea aibu, inakuzoesha nini bila wewe kujua. Konda anajua kuhesabu chenji huku ananing'inia mlangoni. Muuza mitumba anamtambua asiye na nia ya kununua kabla hajafungua mdomo. Andika kitu kimoja tu ambacho kazi hiyo imekutia mwilini. Hicho ndicho chungu chako cha kunadi.

Kuhusu vitabu: ukiweza, soma viwili juu ya mtu mmoja, kimoja alichoandika au kusimulia mwenyewe, kingine cha mtu wa pembeni. Mwenyewe atakuficha aibu zake, wa pembeni atakuficha uchovu wake. Siti aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert, na kitabu hicho ni kifupi, unakimaliza Jumapili moja. Wangari Maathai aliandika maisha yake kwa mkono wake, kikatoka mwaka 2006. Nyerere ana juzuu tatu nene za Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, zilizotoka mwaka 2020; hizo si za Jumapili moja, lakini zinaonyesha na mikunjo.

Miche iliyokufa

Hapa kwa Wangari Maathai nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaijua tuzo yake ya Nobel ya mwaka 2004 na mamilioni ya miti, na hawajui kwamba mara ya kwanza kazi yake ilimfia mikononi.

Miaka ya katikati ya 1970 alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Mume wake alikuwa ameahidi ajira katika kampeni za ubunge wa Lang'ata, na baada ya kushinda ahadi ile ikabaki hewani. Ikamuuma Wangari. Akafungua kampuni ndogo ya kuwaajiri watu wasio na kazi wapande miti na kutunza bustani kwenye nyumba za matajiri. Akapata kitalu katika msitu wa Karura. Wenye nyumba wakataka huduma kwanza na malipo baadaye, wafanyakazi nao hawakuwa na akiba ya kungojea. Aliipeleka miche kwenye maonyesho ya Nairobi; waliosifu walikuwa wengi, walionunua wakawa wa kuhesabika. Kisha ukame ukaleta mgao wa maji, miche ikafa. Kampuni nayo ikafa.

Mhamasishaji angekwambia hapa kwamba hakukata tamaa, akamaliza hadithi. Ni kweli hakukata tamaa, lakini hilo halikusaidii chochote. Wako wengi wasiokata tamaa wanaorudia kosa lile lile mpaka kaburini. Tazama alichobadilisha.

Mwaka 1977 alilipeleka wazo kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni waliandamana mpaka uwanja wa Kamukunji wakapanda miti 7. Sasa miti haikuwa ya kuwauzia matajiri wapendezeshe ua. Ilikuwa ya wanawake wa vijijini waliokuwa wanatembea mbali kutafuta kuni. Wenye shida ndio wakawa wenye kitalu. Idara ya misitu ilikubali kuwapa miche bure, ikidhani watachukua michache. Haukupita muda idara ikasema miche imezidi, sasa walipe. Ndipo wanawake wakaanza kuotesha wenyewe. Wakaletewa maofisa misitu wawafundishe, wakaja na istilahi na vipimo vya mteremko, kina mama wakatoka darasani wamechanganyikiwa. Maathai akawaambia waache hayo, watumie akili waliyonayo: mbona mahindi na maharage wanapanda kila mwaka bila mhandisi? Wakatumia vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaokota mbegu kwenye miti ya karibu.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo ninaloliona la thamani kuliko yote: kila mwanamke alilipwa kiasi kidogo kwa mche ulioshika. Mche ulioshika, narudia. Kuupanda tu hakukulipwa.

Ukiniuliza somo moja la kuiba kwa Wangari Maathai nitakupa hilo. Kagua nyumba yako na biashara yako, uone unalipa kupanda au unalipa kushika. Mzazi anayempa mtoto zawadi kwa kukaa mezani na daftari saa mbili analipa kupanda. Mwenye duka anayemlipa kijana kwa kugawa vipeperushi 500 analipa kupanda. Vipeperushi utavikuta mtaroni. Mimi nilikuwa nalipa kupanda nilipomlipa dalali kwa kila mteja aliyemleta, hata asiyelipa. Ningemlipa kwa fedha iliyoingia, angeniletea wateja wachache na wa kweli, na pengine leo ningekuwa bado nachapa kadi.

Kwa hiyo katika daftari lako, chini ya jina la uliyemchagua, andika jaribio lake lililokufa. Halafu chini yake orodhesha vitu alivyobadilisha kati ya jaribio lile na lililofuata. Kama huvioni vitu hivyo, kitabu unachosoma ni cha sifa, kirudishe.

Waliobeba

Hakuna mtu mkubwa aliyejibeba. Hili linajulikana, ila kulijua hakutoshi, inabidi utaje majina.

Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1955 aliambiwa achague kati ya kufundisha na siasa, akaacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Waliomshika mkono Dar es Salaam walikuwa watu wa mjini: Abdulwahid Sykes alimpa makazi nyumbani kwake, John Rupia alitoa fedha, Dossa Aziz alitoa gari la chama. Mama Maria aliendesha duka dogo. Ukiiga ujasiri wa Nyerere wa kuacha kazi bila kuwa na Sykes wako, Rupia wako na duka la mkeo, unachoiga ni nusu ya hadithi, na ile nusu nyingine itakudai kodi mwisho wa mwezi.

TANU, chama alichokiongoza Nyerere, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini mwaka mmoja baadaye ilikuwa bado chama cha wanaume wachache wa mjini. John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, alikuja akauliza: wanawake wako wapi? Wenyeji wakatazamana. Aliyetafutwa ni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, mwenye masomo machache ya shule na sauti kubwa, muimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kuita mkutano. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya mji mzima. Wale kina mama tayari walikuwa na wanachama, michango, sare, siku za kukutana, na tabia ya kumtii kiongozi wao. Walikuwemo wapika pombe na wauza vitumbua, watu wenye senti zao mkononi na wasio na mwajiri wa kuwafukuza kazi. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Wasomi walikuwa na katiba ya chama. Yeye alikuwa na watu.

Sasa chukua kalamu. Usiandike watu unaotaka kuwajua. Andika vikundi ambavyo tayari umo: kikoba, kwaya, madrasa, timu ya mchangani, chama cha kuzikana, waliosoma nawe darasa la saba. Kila kimoja andika nani akisema wengine wanamsikiliza. Umeshachora ramani ya ngoma yako. Watu wengi wanaoniambia hawana “koneksheni” wana ramani nene kuliko ya waziri, ila wanaidharau kwa kuwa ina majina ya Mama Chausiku na Mzee Mpemba.

Halafu geuza ukurasa uandike madeni. Ustadi huu ninauiba kwa Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Aliacha maandishi aliyojiandikia mwenyewe kwa Kigiriki, na sehemu yake ya kwanza nzima ni orodha ya watu na alichojifunza kwa kila mmoja: babu yake, mama yake, walimu wake, baba aliyemlea. Ameeleza hata aliyemkopesha kitabu cha mafundisho ya Epictetus, na Epictetus alizaliwa mtumwa. Mfalme wa dola kubwa anakaa kuandika kwamba jambo hili nimelipata kwa fulani, lile kwa fulani, na mmoja wa walimu wa fikra zake ni mtu aliyewahi kumilikiwa. Fanya orodha yako usiku mmoja. Kwa kila jina andika tendo, usiandike sifa. “Mama ni mpole” haikusaidii. “Mama alikuwa akihesabu fedha mbele ya mteja, kisha anaziweka chini ya kibao kabla ya kutoa chenji” inakufaa mpaka kesho asubuhi.

Kukiri, na vidoti vya Franklin

Uliza pia mtu wako alifanyaje alipokosea. Nyerere ananivutia hapa, na ananisumbua. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa na kujitegemea, aliandika tathmini yake mwenyewe na kusema wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, akataja na yaliyokwenda vibaya. Viongozi wangapi hujikagua kwa maandishi wakiwa bado madarakani? Lakini katika miaka iliyotangulia watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, nyumba zao zimeachwa nyuma, na kukiri hakukuwarudisha. Mimi ninaiba kwake ile tabia ya kuandika hesabu. Ukimya wa waliomzunguka siuibi, ule uliosababisha kosa lisikike limechelewa. Unaruhusiwa kugawanya mtu hivyo. Hukula kiapo.

Ukitaka chombo cha kujikaguia, Benjamin Franklin wa Marekani ametengeneza kimoja ambacho hakijachakaa. Alipokuwa kijana mchapaji huko Philadelphia aliorodhesha tabia 13 alizotaka kuzishika: kutosema ovyo, kuweka vitu mahali pake, kutopoteza muda, na kadhalika. Akachora kijitabu, kila ukurasa tabia moja, safu 7 kwa siku za wiki. Kila akikosea anatia kidoti. Wiki moja anaelekeza macho kwenye tabia moja tu, nyingine anaziachia zijiendee, na wiki 13 zikiisha anaanza upya, mara 4 kwa mwaka. Tabia ya 13, unyenyekevu, aliiongeza baada ya rafiki kumwambia kwamba anajisikia mno. Ile ya kuweka vitu mahali pake ilimshinda mpaka uzeeni, na alikiri kwa kisa cha mtu aliyemtaka mhunzi anoe shoka ling'ae lote, mhunzi akasema sawa, zungusha jiwe. Mtu akazungusha, akachoka, akasema basi, nadhani nalipenda likiwa na madoadoa.

Kitu cha pili cha Franklin kinamfaa yeyote anayetaka kuandika, kuhubiri au kuuza. Alikuwa na uandishi dhaifu, baba yake akamwambia hivyo. Akachukua makala nzuri za gazeti la The Spectator, akaandika vidokezo vya kila sentensi, akazifungia siku kadhaa, kisha akajaribu kuijenga makala upya kwa maneno yake, akalinganisha na ya asili na kusahihisha alipopungukiwa. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa tahariri ya gazeti, kwa hotuba, hata kwa namna jirani yako wa kibandani anavyomshawishi mteja. Sikiliza, andika vidokezo, lala, jaribu mwenyewe, linganisha. Ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana wanaoifanya ni wachache.

Bei, na aliyeilipa

Mwisho wa kusoma maisha ya mtu, kabla hujasema unataka kuwa kama yeye, tafuta risiti.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupata kodi za nyumba, alipinga, akajiuzulu nafasi yake katika Kamati Kuu ya chama alichokijenga kwa miguu yake. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972 na kurudi katika maisha ya kimya. Barabara kubwa ya Dar es Salaam inayobeba jina lake ilikuja baadaye. Wangari Maathai aliachana na mumewe kwa kesi iliyojaa magazetini. Mume akamtaka aliache jina la Mathai, naye badala ya kuliacha akaongeza herufi moja, akawa Maathai. Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akaenguliwa kwa madai kwamba hakujiandikisha ipasavyo, akarudi chuoni akakuta nafasi imefungwa na nyumba ya chuo anatakiwa kuihama.

Sikuelezi haya ili uogope. Nakuambia uandike kwenye daftari mistari miwili: alilipa nini, na nani mwingine alilipa bila kuulizwa. Mstari wa pili ndio watu huuruka. Franklin aliyekuwa akijitia vidoti vya uadilifu alikuwa na watumwa nyumbani kwake. Uzeeni akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, lakini kijitabu kile cha tabia 13 hakikuwahi kuwa na safu ya kuwauliza wao. Kaa na mkeo au mumeo, au mama anayekulelea mtoto, umwonyeshe mpango wako, umuulize bei yake kwake ni ngapi. Fanya hivyo kabla ya kuacha kazi.

Basi mwezi wako wa kwanza uwe hivi. Wiki ya kwanza soma, tena sura za mwanzo, na uandike jaribio lililokufa pamoja na yaliyobadilishwa. Wiki ya pili chora ramani ya ngoma yako na orodha ya madeni. Ukipata nauli, nenda kamsalimu mmoja wa wanaokudai shukrani, usimpigie simu. Wiki ya tatu chagua tendo moja tu la mtu wako, dogo la kutosha kufanyika hata siku umeme ukikatika, ulianze. Wiki ya nne liendeleze, na vidoti. Usimtangazie mtu. Kundi la ukoo litakuuliza mbona siku hizi huleti misemo ya asubuhi. Waambie simu yako ina tatizo la kumbukumbu.

Mimi mwezi huu niko na Franklin, tabia ya kushika miadi, ambayo haimo katika 13 zake lakini kwangu ndiyo mbovu kuliko zote. Wiki iliyopita nilikuwa na vidoti 11. Wiki hii, mpaka jana Alhamisi usiku, ni 4, na kimoja nilikuwa tayari kukisingizia mvua, mpaka mke wangu akanikumbusha kwamba mvua ilianza kunyesha saa nzima baada ya muda wa miadi.